Mate ya Namba Kumi na Nne

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au mtu alilifungia sabuni kabla hujalisoma, usihangaike. Aibu yangu inaelezeka kwa maneno machache.

Mimi ndiye yule wanayeniita Soda, kwa sababu pombe sijawahi kuionja. Nafanya kazi kwenye yadi ya mabomba ya chuma. Nafunga mizigo na kumpigia ishara za mikono mwendesha winchi: pandisha, shusha, simama. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ile ambayo haikuandikwa ilikuwa kupuliza.

Kila asubuhi getini mlinzi huingiza mkono kwenye ndoo ya vibati vya namba, anatoa vitano. Wenye namba hizo mgongoni mwa vizibao vyao wanakwenda hemani kupuliza mashine ya kupima ulevi. Sista anayepima analetwa na kampuni ya nje, hamjui hata mmoja wetu. Tuna helmeti, tuna barakoa za vumbi. Yeye anasoma mgongo tu.

Basi aliyeamka pombe ya jana haijamtoka alikuwa ananifuata nyuma ya mabomba. Tunabadilishana vizibao, naenda kupuliza badala yake, narudi napewa soda ya baridi. Nimepulizia watu saba. Niliona ni wema, kama kumshikia mtu mwamvuli.

Wa saba alikuwa Kapteni, mwendesha winchi wetu, kizibao namba kumi na nne.

Nilipuliza. Sifuri. Saa moja baadaye mzigo wa mabomba ulishuka ghafla, ukamvunja mguu karani wa stoo.

Karatasi ya Kapteni ilikuwa safi, kwa hiyo kosa likawa la winchi. Nati moja ya breki ilikutwa imelegea baada ya kile kishindo. Na fundi aliyesaini asubuhi ile kwamba breki ni nzima ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu meno yangu ya utoto na akaniombea kazi hii hii.

Waliponiuliza niliona nini, nilisema kulikuwa na vumbi.

Haya. Sasa umeshanijua.

Wiki ya tatu hiyo Mjomba alikuwa nyumbani, na barua ya kusimamishwa kazi ipo chini ya kitambaa cha meza. Fundi akikosa mtambo anageukia vyombo vya watu. Alianza na pasi. Akaja feni, saa ya ukutani, bawaba za mlango wa choo.

"Nimeitafuta redio," mkaza mjomba aliniambia nilipoingia kutoka kazini, "nimeikuta kwenye sinia. Vipande vipande, kama dagaa. Mwambie mjomba wako kesho asije akanifungua na mimi."

Mjomba alikuwa sebuleni, chini, miguu ameinyoosha, skrubu amezipanga kwenye gazeti.

"Mjomba," akaniita. Tunaitana hivyo sisi, mkubwa kwa mdogo.

"Naam, mjomba."

"Ukikaza nati, mkono unakumbuka?"

"Mkono wako au wangu? Wangu hata kijiko unasahau kukiosha."

Hapo kwa kawaida angenirudishia utani wake wa miaka yote. Kwamba nilizaliwa na mdomo usio na kifuniko, na yeye, fundi mzima, ameitafuta spea yake stoo zote ameikosa. Huwaambia hata wageni, kabla hawajakaa.

Safari hii hakuniambia.

"Naiona ile nati ya tatu," alisema. "Nikifumba macho naiona. Ya kwanza nakumbuka nimeikaza. Ya pili nakumbuka. Ya tatu... Miaka ishirini na tisa sijasahau nati, mjomba. Lakini mtu anaanzaje kusahau? Si anaanza siku moja tu?"

"Hukusahau."

"Umejuaje?"

Miaka yote hiyo kifuniko kilikuwa kinatafutwa, siku hiyo kikajileta chenyewe.

Alitoa mfukoni karatasi yenye mistari, ameikunja mara nne. Nikaisoma. Mwandiko wake wa kusaini madaftari ya kazi, mkubwa, ulioegemea kushoto. *Nakiri kwamba huenda nati ya tatu sikuikaza kwa sababu ya uzee. Namwomba radhi karani na mkewe.*

"Ijumaa kwenye kikao nawasomea," alisema. "Nataka niondoke wakinionea huruma. Bora hiyo kuliko waniite mwongo."

Nikatoka nje. Nikarudi ndani. Nikatoka tena.

"Wewe nawe," mkaza mjomba akanidaka mlangoni. "Unazunguka kama umekalia upupu. Kifua kimerudi? Dawa niliyokupa bado ipo kabatini."

"Si kifua, mama."

"Basi tulia. Nyumba hii tayari ina mtu mmoja anayefungua vitu."

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Njiani nilikuwa nimeipanga hotuba yangu. Nitaanza na salamu, nitaingiza majuto, nitamalizia na kazi yangu kuisha. Nikagonga.

"Soda! Nilikuwa nataka nikuite. Kaa."

Nikakaa. Nikasimama. "Bosi, nimekuja kusema..."

"Ngoja nianze mimi, nina habari ya kukufurahisha. Unakumbuka asubuhi ya ajali? Mashine ya kupuliza inashika pombe peke yake. Siku ile, kwa mara ya kwanza, walichukua na mate. Wakayapeleka maabara. Majibu yamefika jana." Akaigonga karatasi kwa kalamu. "Namba kumi na nne. Kodeini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ukoo mmoja na mofini. Dawa za kulevya, bwana! Kapteni wetu alikuwa juu kule kwenye kibanda, kichwa kimejaa. Kwa hiyo winchi haina kosa. Ijumaa Kapteni anaondoka, mjomba wako anarudi kazini." Akatabasamu. "Ehe, wewe ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka... kuomba helmeti mpya."

"Mwone karani wa stoo."

"Karani kavunjika mguu, bosi."

"Basi subiri apone."

Nilitoka nikitembea juu juu. Kapteni kweli alikuwa amelewa asubuhi ile, kwa hiyo mwenye kosa kapatikana. Mjomba kapona. Na mimi sikulazimika kusema neno. Nilitamani kuipa mkono maabara nzima, kuanzia daktari mpaka anayefagia.

Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji ndipo akili, ambayo kwangu mimi hutembea nyuma ya miguu, iliponifikia.

Mate ya namba kumi na nne ni ya nani?

Nilikumbuka pamba ikizungushwa shavuni. Nilikumbuka ladha yake. Nilikumbuka nikimtania Sista.

Mate yalikuwa yangu.

Mapumziko ya mchana sikula. Nilikimbia nyumbani, nikafungua kabati, nikaishika ile chupa ya dawa ya kifua mbele ya dirisha. Maandishi madogo kama sisimizi. *Kodeini.* Na chini yake: *Huleta usingizi. Usiendeshe wala kusimamia mitambo.*

"Mama! Hii dawa uliitoa wapi?"

"Si nilipewa mimi hospitali, nilipobanwa na kifua? Kwani imeharibika?"

"Uliyasoma haya?"

"Nilisoma kijiko kimoja."

"Mimi nilikuwa nakunywa vitatu."

"Vitatu! Wewe mtoto! Kwa nini?"

"Ilikuwa tamu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa naisoma tena ile *huleta usingizi*.

Kwa sababu, ndugu msomaji, kuna jambo nililijua tangu mwanzo na sikumwambia mtu. Breki hazikukatika. Mzigo ulipokuwa juu ya karani nilinyoosha mkono pembeni, kiganja chini. Hiyo ndiyo simama. Nikamwona Kapteni kupitia kioo cha kibanda, mkono wake unakwenda kwenye kishikio cha kushusha. Akashusha. Niliona vizuri. Hakukuwa na vumbi lolote.

Wiki tatu nzima nilikuwa nimelala juu ya jambo hilo kama godoro. Nimeficha, sawa, lakini kosa ni la Kapteni.

Sasa nikajiuliza. Mkono niliunyoosha saa ngapi? Kabla hajashusha? Au vijiko vitatu vilinikalia begani, nikaunyoosha amekwisha kuanza? Nilijaribu kuliona tukio upya. Kila nikiliona, mkono wangu ulikuwa unachelewa zaidi.

Kesho yake Kapteni alinikuta nyuma ya mabomba, pale pale tunapobadilishiana vizibao. Alikuwa hajanyoa, lakini hakunuka pombe. Sijui kipi kilinitisha zaidi.

"Ulikula nini wewe?"

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Ulikula nini?"

"Dawa ya kikohozi."

Akakaa juu ya bomba kama mtu aliyekatwa kamba. "Dawa ya kikohozi. Mimi nafukuzwa kwa kikohozi chako."

"Pole."

"Nyamaza kwanza. Mimi ni mlevi. Haya, nimesema. Mtaa unajua, mke wangu anajua, hata mlango wangu unajua maana nimeshaulalia kwa nje. Wangenifukuza kwa pombe ningesema haki yao. Lakini vidonge na unga mimi sivijui! Barua imekuja nyumbani, binti yangu mkubwa kaifungua. Unajua jana kafanya nini? Kanishika mkono, kanikunja shati mpaka kwenye kiwiko, ananitazama mishipa. Mwanangu, Soda. Ananitafuta matundu ya sindano."

Nilitafuta neno la kuchekesha. Sikulipata.

"Ijumaa nasema mate si yangu," akasema. "Namtaka Sista aje anitazame mwenyewe."

"Watakuuliza ni ya nani."

"Sijui."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chooni. Nitasema mtu alichukua kizibao changu." Alikuwa amekwisha kuipanga. "Wewe kaa kimya tu. Ukikaa kimya mimi napona, wewe unapona, na wale sita uliowapulizia wanapona."

"Na mjomba wangu?"

Akatazama pembeni. "Fundi ni mtu mzima. Anakaribia kustaafu."

"Breki zilikuwa nzima, Kapteni. Nilikuona. Ulivuta kishikio cha kushusha."

"Uliniona." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Na mimi nilikuona. Mkono uliunyoosha saa ngapi, Soda?"

Akaondoka.

Ijumaa ikafika. Mjomba alivaa tai ya harusi yake. Mkaza mjomba alikuwa amemwambia mara kumi kwamba mambo yamekwisha, Meneja mwenyewe kapiga simu, arudi tu kazini. Lakini karatasi yake ya mistari bado ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Mjomba haamini kitu ambacho hakukikaza mwenyewe kwa spana.

Chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa. Meneja mezani na karatasi zake. Kapteni kwenye kiti cha mbele, amenyoa. Mimi kiti cha shahidi, pembeni. Nyuma walisimama wenzetu wa yadi, na kati yao wale sita, kila mmoja amejifanya anasoma bango la usalama ukutani. Lile bango liko pale mwaka wa nne, hakuna aliyewahi kulisoma.

"Majibu ni haya," Meneja alisema. "Kapteni, una la kusema?"

"Mate hayo si yangu. Aitwe Sista."

"Sista yupo."

Mlango ukafunguliwa. Nikainamisha kichwa nikajidai nafunga kamba za buti. Buti zangu hazina kamba.

Kapteni akasimama mbele yake. "Sista, nitazame vizuri. Ni mimi uliyenichukua mate?"

Sista hakuwa na haraka. "Sura sikuiona. Alishusha barakoa kidogo, nikaona mdomo tu."

"Kwa hiyo hujui," Meneja akadakia.

"Najua. Siye huyu."

"Unajuaje?"

"Yule alinichekesha."

Watu wakamgeukia Kapteni. Kapteni ni mtu ambaye ukimtekenya anaandika malalamiko.

"Alikuchekesha vipi?" Meneja aliuliza, kalamu juu ya karatasi, kana kwamba na hilo lina kisanduku chake.

Nilimwomba Mungu Sista awe amesahau. Watu wanasahau mambo makubwa kuliko hayo. Siku za kuzaliwa. Ahadi. Nati.

"Nilimwambia fungua mdomo," Sista alisema, na tabasamu limeshaanza kumtoka. "Akaniambia, Sista, kuwa mwangalifu, mdomo huu hauna kifuniko. Mjomba wangu ni fundi, ameitafuta spea yake stoo zote ameikosa. Nilicheka mpaka pamba ikaanguka, ikabidi nichukue nyingine."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mmoja tu.

Pale hemani sikuandika jina langu popote. Sikuwa na haja. Nilikuwa nimemwachia Sista jina, anwani na ukoo.

Yadi nzima ilinitazama. Aliyekuwa hajaelewa ni Meneja peke yake, kwa sababu Meneja hajawahi kukaa na Mjomba kwenye chai. Alikuwa anapekua karatasi.

"Sawa. Kama siye Kapteni, basi majibu haya hayamhusu. Nani alivaa kizibao chake, hilo tutalichunguza baadaye." Akalikata jina kwa mstari. "Kwa maana hiyo kuhusu ajali tunarudi pale pale. Tunarudi kwenye breki. Fundi, una la kusema?"

Mjomba akasimama.

Akaitoa ile karatasi mfukoni. Akaikunjua mara moja, mara ya pili. Mikono ile iliyofungua nyumba nzima ilikuwa inahangaika na karatasi. Hakuwa amenitazama tangu Sista aseme neno kifuniko. Alikuwa anatazama mistari yake aliyoiandika mwenyewe, kwamba ni mzee, kwamba huenda alisahau.

Kisha akaikunja tena.

"Mjomba," akaniita.

"Naam, mjomba."

"Mate ni ya nani sikuulizi. Umetoka nyumbani kwangu, nimekujua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kuuliza bei dukani. "Nakuuliza kitu kimoja. Wewe ulikuwa chini, karibu na ule mzigo, macho yako juu. Breki zangu zilikuwa nzima?"

Buti zikasuguana sakafuni kule nyuma, jozi sita. Meneja akainua kichwa kutoka kwenye karatasi, akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, na nikaona jambo linaanza kumwingia polepole.

Nyuma ya bega la Mjomba, Kapteni alinyoosha mkono pembeni. Kiganja chini. Ishara yangu ile ile. Miaka yote mimi ndiye niliyempigia yeye. Leo ananipigia mimi, na hakuchelewa hata kidogo.

Simama.

Mjomba alikuwa bado anangoja, tai yake ya harusi imepinda.

Nikafungua mdomo.